Kanisa la Rabai: anzeni na watu

Ndugu yangu mpendwa,

Salamu nyingi kwako na kwa wote nyumbani. Nimeisoma rasimu ya maandishi ya kibao mnachotaka kuwawekea wageni wa Kanisa la Mtakatifu Paulo, Rabai, karibu na Mombasa. Kazi ni njema, ila mmeanza na jengo la 1887. Ushirika wa Rabai ni mkongwe kuliko kuta zake, na mgeni asipoambiwa hilo mapema hataelewa kanisa lilijengwa kwa ajili ya nani.

Nyosheni tarehe kwanza. Mmisionari Krapf alifika Mombasa 1844. Mwenzake Rebmann alimfuata 1846, na Agosti mwaka huohuo wakahamia Rabai Mpya. Mkiandika "misheni ya Rabai, 1844" mnachanganya kushuka pwani na kukaa kijijini. Kosa hili limeenea kwa kuwa kumbukumbu za kanisa nchini huhesabiwa tangu 1844. Habari ya Rebmann kuuona Kilimanjaro 1848 itoshe mstari mmoja. Wageni huipenda, lakini haisemi lolote kuhusu waumini.

Miaka ile ya mwanzo waumini walikuwa wachache mno. Mringe, aliyekuwa kilema, alibatizwa 1851 akiwa mahututi. Krapf aliondoka 1853 kwa ugonjwa, Rebmann akabaki hadi 1875, macho yakiwa yamekwisha kabisa. Gunja na mwanawe Nyondo, waliobatizwa wakati wa Rebmann, hawamo katika rasimu yenu. Warudisheni.

Kisha waandikeni Waafrika waliokombolewa utumwani wakasomeshwa Nasik, karibu na Bombay, India: William Jones, Ishmael Semler, George David na wenzao. Hao ndio waliofundisha na kuhubiri Wazungu walipokuwa wachache au wagonjwa. Jones na Semler walifanywa mashemasi na Askofu Hannington 1885, miezi michache kabla ya askofu huyo kuuawa Busoga. Kuwaita "wasaidizi wa wamisionari", kama mlivyofanya, ni kuwapunja.

Sehemu inayohitaji nafasi kubwa kuliko zote ni ya watoro. Watumwa waliokimbia mashamba ya pwani walipanda hadi Rabai wakajenga, wakalima, wakaingia kanisani. Mabwana wao walikuja kuwadai, na hatari ya kijiji kushambuliwa ilikuwa ya kweli. Mwaka 1888 Mackenzie, wa Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki, alipatana na mabwana hao walipwe fidia. Tarehe 1 Januari 1889 hati za uhuru zikatolewa Rabai. Hesabu ya waliokombolewa kwa mpango huo ilipita 1,400, lakini ilijumlisha vituo vingine vya misheni pia. Msiiandike yote kwa jina la Rabai. Angalieni pia mfuatano: kanisa la 1887 lilikuwa limesimama tayari wakati watu hao hawajapata hati. Walisali humo wakiwa bado wanatafutwa.

Kwa majina ya familia, someni madaftari ya ubatizo pamoja na ya ndoa na mazishi, si moja peke yake. Mtu mzima aliyebatizwa aliacha jina moja akachukua jingine, kwa hiyo mkitafuta jina la ubatizo tu mtampoteza kabla ya siku ile. Mtoro naye alikuwa na kila sababu ya kuficha alikotoka. Nakilini maandishi yalivyo, hata tahajia ikiwa mbovu, na maelezo yenu yawe safu ya pembeni. Pigeni picha kurasa kwa mwanga wa dirishani, bila kulibana daftari liwe bapa. Mshono wa zamani hukatika hapo.

Kuhusu kibao chenyewe, msikipigilie ukutani kabla ya kujua plasta ni ya nini. Kwaruzeni kidogo kwa msumari pasipoonekana: ya chokaa hutoka unga kirahisi, ya saruji hukataa. Ukuta wa chokaa ukizibwa kwa saruji unyevu hukosa njia, chumvi hujikusanya nyuma yake, na baada ya misimu michache plasta hubanduka vipandevipande. Kibao cha kusimama chenyewe sakafuni ni salama zaidi.

Nitumie rasimu ya pili kabla hamjaipeleka kwa mchapaji, na orodha ya majina iwe imesomwa kwanza na wazee wa familia zinazotajwa.

Wako katika upendo,
Rafiki yako