Mkifika Chania, ipeni bahari mgongo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niijibu makala ya ukurasa wa safari iliyowashauri wasomaji wanaofika Chania, mji wa kisiwa cha Krete huko Ugiriki, wale chakula cha jioni gatini, kwenye bandari ya zamani, huku wakitazama mnara wa taa. Ushauri huo umenisikitisha. Nimepika melini kwa miaka mingi, na meli zetu zilikuwa zikitia nanga katika bandari ya Souda, kilomita chache mashariki ya Chania. Mji ule naujua kwa miguu na kwa sahani, na najua kwamba anayekula gatini anaondoka bila kuuonja.

Gati ni pazuri, hilo silibishi. Bandari yenyewe ni kazi ya Wavenisi, watu wa Venisi ya Italia, ya karne ya 14, na mnara unaoonekana leo ulijengwa upya katika miaka ya 1830, Krete ilipokuwa chini ya Misri ya mtawala Muhammad Ali. Tembea pale jua linapozama, piga picha, pumzika. Ila chakula kitafute kwingine. Migahawa ya gatini imebanana, na kila mlangoni kuna mpiga debe anayekushika mkono na kukuonyesha menyu ya picha. Wateja wake ni wapita njia ambao kesho watakuwa kisiwa kingine, na mpishi anayejua kwamba hatakuona tena mkono wake hulegea. Niliwahi kuletewa pale ngisi aliyetoka kwenye barafu, ilhali wavuvi walikuwa wakikunja nyavu hatua chache kutoka nilipoketi. Kwa mpishi hilo linauma.

Kwa hiyo ipe bahari mgongo. Ingia vichochoro vya Topanas, au vuka kwenda Splantzia, mtaa uliokuwa wa Waturuki baada ya Waosmani kuuteka mji mwaka 1645. Utaona tao la mawe na mwanga mdogo nyuma yake. Unaingia ukitarajia chumba, unakuta anga. Kuta za mawe zimesimama pande zote, madirisha hayana mbao wala vioo, bogenvilia imepanda mpaka ghorofa ambayo haina tena sakafu, na chini yake meza chache zimetandikwa karatasi iliyobanwa kwa vibanio isipeperuke.

Makala yenu haikusema kwa nini nyumba hizo hazina paa. Mwezi Mei 1941, Wajerumani walipoishambulia Krete, ndege zao ziliupiga mji wa kale wa Chania kwa mabomu, na nyumba nyingi zikabaki kuta tupu. Baadhi hazikuezekwa tena. Si kila mgahawa wa uani una historia hiyo, kwani nyua nyingine zilikuwepo tangu nyumba zilipojengwa, lakini katika ule ninaoupenda mimi alama za moshi bado ziko ukutani juu ya meza. Wenyewe hawakuzipaka chokaa. Nawaheshimu kwa hilo, na naona ni vyema kwamba mahali palipoungua sasa pana watoto wanaogombania viazi vya kukaanga.

Ua una faida nyingine ambayo mtu wa jikoni huiona mara moja. Bandari ya Chania inatazama kaskazini, na Julai na Agosti pepo za meltemi huvuma kutoka upande huohuo. Siku ya upepo mkali, samaki wa gatini anapoa kabla hujamaliza kukamua limau. Ndani ya kuta nne upepo unapita juu ya kichwa, chakula kinabaki na moto wake, na watu wanasikilizana bila kupaza sauti.

Sasa chakula chenyewe. Anza na dakos: mkate mkavu wa shayiri uliookwa mara mbili, ukalowanishwa kidogo kwa nyanya zilizokunwa, juu yake jibini laini la mizithra na mafuta ya zeituni kwa ukarimu. Mkate wa namna hiyo unakaa siku nyingi bila kuharibika, na mimi niliyehangaika na mikate yenye ukungu katikati ya bahari najua thamani yake. Agiza boureki, chakula cha Chania hasa, ambacho ni mamumunye na viazi vilivyopangwa tabaka pamoja na jibini na nanaa, kisha vikaokwa. Uliza kama wana stamnagathi, mboga ya mwituni yenye uchungu kiasi. Kuna pia konokono wa kukaangwa kwa chumvi, rosmari na siki, anayeweza ajaribu. Wakiwa na gamopilafo, acha vingine vyote. Ni wali wa harusi za Krete, unaoivishwa kwa supu ya mbuzi au kuku mpaka uwe laini kama bokoboko, halafu unatiwa siagi na limau. Mlaji wa pilau atauona mweupe, ajiulize viungo viko wapi. Aonje kwanza.

Sahani huwekwa katikati, kila mtu akachota. Wenyeji hawaanzi kula kabla ya saa tatu usiku, na hakuna anayekuharakisha. Hapa wageni wengi hukosea: wanasubiri bili, haiji, wanaona wamedharauliwa. Mhudumu hataileta mpaka uiombe, maana kwake kukuletea bila kuombwa ni kukufukuza. Ukiiomba, mara nyingi huja pamoja na tunda au kitu kitamu na kichupa cha raki, pombe kali ya machicha ya zabibu, vyote bila malipo. Asiyekunywa pombe akatae kwa adabu na kuchukua tunda, hakuna atakayenuna. Asiyekula nguruwe naye aulize mapema, kwa sababu apaki, nyama ya nguruwe ya kukaushwa kwa moshi, huingizwa hata kwenye saladi.

Jambo moja dogo kuhusu nyua hizi: nyuma ya kuta hizo kuna majirani wamelala. Mji wa kale bado ni makazi, nguo zinaanikwa kwenye vibaraza. Ikifika usiku wa manane, tupunguze sauti.

Na kwa kuwa makala yenu iliieleza bandari kwa urefu, ilistahili kuwataja Waafrika wake. Mpaka mwanzoni mwa karne ya 20, upande wa mashariki nje kidogo ya ngome, mahali paitwapo Koum Kapi, waliishi watu weusi wenye asili ya Afrika waliofanya kazi ya upagazi na ya mashua katika bandari hiyohiyo. Wengi wao walikuwa Waislamu, na makubaliano ya mwaka 1923 ya kubadilishana watu kati ya Ugiriki na Uturuki yaliwaondoa. Leo Koum Kapi ni safu ya mikahawa kando ya maji. Msomaji wa Kiswahili anayepita hapo ana haki ya kujua.

Ukurasa wa safari ukirudi tena Chania, naomba uwaeleze wasomaji habari za bei, kwa sababu wengi wetu tunasafiri na fedha iliyopigiwa hesabu. Samaki wabichi huuzwa kwa kilo, na bei iliyo kwenye menyu ni ya kilo, si ya sahani. Samaki wazuri huvuka euro 50. Mtu amchague samaki, apimwe mbele yake, aambiwe jumla kabla samaki hajapelekwa jikoni. Kinyota kando ya jina la chakula maana yake kimegandishwa. Mkate unaoletwa bila kuagizwa mara nyingi huingizwa kwenye bili, fedha kidogo kwa kila mtu. Risiti isipotolewa, sheria ya Ugiriki haimlazimishi mteja kulipa, na menyu zenyewe zimeandika hivyo. Mwisho, waende kati ya Mei na Oktoba. Baada ya hapo mvua zinaanza, na mgahawa usio na paa hufunga mlango mpaka majira yao ya machipuko.

Ni mimi msomaji wenu,
Mpishi mstaafu wa meli