Barua kwa Zuhura, Maskati

Kikwajuni, Unguja

Shoga yangu Zuhura,

Asalaam alaykum. Barua yako imefika na tumeisoma wawili, maana Mama hakukubali niisome peke yangu. Pale uliposema umekwenda sinema huko na mtu wa nyuma akakukemea kwa kuzungumza, Mama alicheka mpaka mtandio ukamwanguka. "Kwani wamelipa tiketi wakanyamaze?" Mie niko upande wake.

Kwetu kutazama ni kusema, shoga. Mama amekulia Majestic ya Vuga na Cine Afrique, enzi za picha za Kihindi za Jumapili, watu wakivaa na kujifukiza udi kabla ya kutoka. Kihindi hajui hata cha kuombea maji, lakini nyimbo za Awara ya Raj Kapoor, picha ya 1951, amezirithi kwa bibi na anaziimba zote. Anasema muovu akitokea alikuwa akitukanwa na ukumbi mzima. Kumbi hizo zilikufa, na yeye matusi yake ameyahamishia kwenye tamthilia za Kituruki zilizotiwa sauti za Kiswahili. Juzi kamwambia mama mkwe mmoja wa Istanbul kuwa hana haya, kisha akanigeukia mie nimjibie!

Lakini pahala hasa pa kusema ni kwenye taarabu. Siti binti Saad alikwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri. Nimezisikiliza tena wiki hii. Sauti imo, fidla imo, ila watu hawamo, na mie naona nusu ya taarabu imebaki huku Unguja. Ukenda kuvisikiliza vikundi vyetu, Culture Musical Club, au Ikhwan Safaa waliopo tangu 1905, ubeti ukimchoma mtu utamwona anainuka taratibu, noti juu, anapita kwanza mbele ya yule aliyemkusudia ndipo afike kwa mwimbaji kumtunza. Hajatamka neno, na kila aliyekaa pale keshajua nani kaambiwa. Santuri itayapata wapi hayo? (Usiniulize nani alipitishiwa noti harusi ya mwezi uliopita. Ukija nitakwambia.)

Mpira nao ndio huo huo. Pita Jaws Corner jioni, ile baraza iliyopewa jina la filamu ya papa, uone wazee wanavyomfundisha kazi kocha wa Uingereza asiyewasikia, kikombe cha kahawa mkononi. Kaka yangu ndiye wa mbele. Ila ile fainali ya Kombe la Mapinduzi ya Januari 2024, timu yetu ya Mlandege walipomfunga Simba ya Bara 1–0 pale Amaan, alipatikana: mtoto wa Mlandege, na Simba anaishabikia tangu skuli. Hakujua ashangilie au alie. Akakaa kimya mbele ya televisheni, Mama akamuuliza kama ana homa.

Sikumcheka sana, maana sote tumo humo. Timu ya Zanzibar tunayo, Mapinduzi tunacheza, lakini ukifika Afrika huambiwa nchi moja chama kimoja. CAF, shirikisho la mpira la Afrika, walitupokea Machi 2017, Julai ile ile wakatutoa. Mama anaiita ndoa iliyoishia fungateni. Na mwaka huo huo vijana wakafika fainali ya Kombe la Chalenji la Afrika Mashariki na Kati kule Kenya, wakafungwa na wenyeji kwa penalti. Kaka akilianza hilo halali mtu.

Basi nakungoja Februari, tamasha la muziki la Sauti za Busara. Ngazi za Ngome Kongwe ni za mawe, njoo na kanga ya kukalia. Mama anataka udi wa huko, ule wa kweli, na anauliza kama Maskati mmetutangulia kwenye ile tamthilia: yule mama mkwe anaumbuka au haumbuki? Jibu hilo kwanza, mengine baadaye.

Shoga yako,
Mwanakheri