Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama

Ndugu wanachama,

Mapato na matumizi mtayasikia kwa mhazini, na mafunzo ya ufundi wa breki na mnyororo yako kwenye ripoti ya katibu. Yote yamekwenda vizuri, sitayarudia. Naomba muda wenu kwa ile safari yetu ya baiskeli ya siku 6, hasa siku ya tatu, ambayo wengi wenu mmeisikia vipande vipande.

Tuliondoka watu 19. Siku mbili za mwanzo tulikwenda kama tulivyofundishana, wawili wawili, wa mbele wakipasua upepo kisha wakijitoa pembeni kurudi nyuma. Anayekaa karibu na gurudumu la mwenzake huokoa robo ya nguvu zake, pengine zaidi. Lakini ukikaa hapo huioni barabara, unaona mgongo wa mtu. Shimo unalijua kwa mkono wake anaouelekeza chini, na gari kwa sauti inayopokezwa kutoka mkiani. Umemkabidhi mifupa yako.

Siku ya tatu upepo ulitupiga usoni tangu alfajiri. Wenye miguu mizuri walikuwa mbele, nami nilikuwa mmoja wao. Naliandika mwenyewe kabla hamjaniambia. Mlima ulipoanza, hakuna aliyegeuka kutazama nyuma. Kileleni tukajihesabu: 7.

Tukangoja. Baada ya muda mrefu tukashuka kuwatafuta, tukawakuta wanapanda kwa miguu, wote 12, wakisukuma baiskeli. Mmoja alipata pancha. Mpira wa akiba ulikuwepo na walikwisha uweka, ila vali yake ni ile nyembamba, na pampu pekee yenye kichwa cha kuishika ilikuwa kwenye begi langu, kileleni. Baiskeli 11 zilikuwa nzima kabisa. Nilipouliza kwa nini hawakupanda wakamwacha mmoja tu atembee, mama mmoja ambaye huwa tunamnung'unikia kwa mwendo wake alinijibu kwa swali: "Angetembea na nani?"

Sikuwa na jibu, na hadi leo sina.

Mwaka 1913, kwenye mashindano ya Tour de France, Eugène Christophe alivunjikiwa uma wa mbele, ule unaoshika gurudumu, akishuka mlima Tourmalet. Alitembea mpaka kijijini, akauunga mwenyewe kwa mhunzi, na bado akaongezewa dakika za adhabu kwa sababu mtoto mmoja alimsaidia kuvukuta moto. Yule alitengwa na kanuni. Sisi tulimwacha mwenzetu bila hata kanuni ya kusingizia.

Usiku ule hakuna aliyefoka. Nilitamani wafoke. Asubuhi upepo ulikuwa uleule, na aliyepata pancha akaja mbele yangu, akasema, "Kaa nyuma yangu, mwenyekiti," akanikinga karibu saa nzima. Siku zilizobaki tulifika pamoja kila kituo, tumechelewa na tunacheka.

Kuna pendekezo kwamba safari ijayo tugawanyike makundi mawili, wepesi na wazito. Wanakamati wenzangu wawili wanaliunga mkono na hoja zao si za kupuuzwa: kukanyaga chini ya mwendo wako kutwa nzima kunachosha kweli. Mimi napinga. Wepesi wana siku nyingi za kukimbizana. Safari ndefu tuliianzisha kwa sababu nyingine. Ufaransa waendeshaji wa mtindo wa audax hushika mwendo mmoja, kwa kawaida kilomita 22.5 kwa saa, chini ya nahodha wa barabara, na nahodha hapitwi. Kwa kuanzia kamati imekubali mambo haya: nahodha mbele; mtu wa mkiani mwenye pampu na vifaa, ambaye hapaswi kumpita yeyote; na kuhesabiana kabla na baada ya kila mlima. Zamu ya mkiani itaanza na mimi.

Kuhusu makundi mawili, mtapiga kura leo.

Pampu mpya ya chama inashika vali za aina zote mbili, nyembamba na nene. Iko mezani kwa katibu. Atakayekuwa mkiani ataisaini kabla ya kuondoka.

Mwenyekiti