Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka wa Umoja wa Wakazi wa Mfereji, Tandale

Ndugu wanachama, asalaam aleikum, Bwana Yesu asifiwe.

Shughuli za kawaida mnazijua. Usafi wa Jumamosi ya mwisho wa mwezi uliendelea, makoleo, reki na gambuti vilinunuliwa, wagonjwa tuliwatembelea na kwenye misiba tulishikana. Nije kwenye jambo lililosemwa zaidi vibarazani kuliko vikaoni: fedha tulizoweka akiba za kununulia maturubai na viti.

Mwezi Februari kamati ilitoa shilingi 1,900,000 kwenye akiba hiyo kulipa vibarua, maguta na Fuso, tope litolewe mferejini kuanzia karavati la msikitini hadi mfereji unapomwaga Mto Ng'ombe. Inasemwa niliamua peke yangu. Si kweli. Kikao kiliitishwa mara mbili na mjumbe alipita nyumba kwa nyumba. Kati ya wanachama 84 walikuja 19. Tungesubiri akidi, masika yangetukuta tumekaa.

Wapo wanaouliza kwa nini tulipie magari, wakati miaka yote tope tunalirundika pembeni bure. Ndugu zangu, tope la pembeni mvua ya kwanza tu hulirudisha ndani, kisha mwakani tunachimba lile lile. Nilishuka mwenyewe pale karavatini. Juu kulikuwa na pampasi na chupa, ambazo kila mtu anaziona na kuzilalamikia. Chini yake mchanga ulikuwa umeshindiliwa hadi nafasi iliyobaki ni ya kupitisha mkono. Mchanga huo unateremka na maji kutoka barabara za vumbi huko juu, na ukifika kwetu kwenye tambarare, maji yanapopunguza kasi, unatua. Kuokota taka peke yake hakuuondoi. Lazima uchimbwe, upakiwe, uende mbali.

Wengine walisema tusubiri mradi mkubwa wa serikali wa kuzuia mafuriko. Mimi nauombea heri mradi wa Bonde la Msimbazi, ambao Benki ya Dunia iliuidhinishia mkopo wa dola milioni 200 mwaka 2022. Lakini ule ni wa bonde lenyewe, Jangwani na daraja lake. Kichochoro chetu ni kazi yetu. Tuliokuwepo Desemba 2011, mvua zilipoua makumi ya watu jijini na wenzetu wa mabondeni wakahamishiwa Mabwepande, hatuwezi kuambiwa tusubiri.

Matokeo mmeyaona. Masika haya maji yalifika vizingitini yakaishia hapo. Mama lishe wa jirani na karavati, ambaye kila mwaka hupandisha viroba vya unga juu ya kabati, safari hii hakupandisha hata kimoja. Naomba katibu aliandike hilo kwenye muhtasari, kwa sababu lawama zimeandikwa za kutosha.

Sasa ada. Ni shilingi 2,000 kwa mwezi, na waliolipa mwaka mzima ni 31. Inaniuma kwamba baadhi ya wenye nyumba zenye wapangaji wengi hawamo humo. Na kuna wanaosubiri mvua ikolee ndipo watapishe vyoo mferejini, humo humo wenzao wanamoingia na koleo siku ya usafi. Nimewavumilia kwa ujirani. Kuanzia sasa majina yatapelekwa serikali ya mtaa.

Pamoja na akiba ya mwaka jana tulikuwa na shilingi 3,150,000. Zimetoka 2,870,000, zimebaki 280,000.

Kwa mwaka ujao tunatarajia, Mungu akitujalia, kuwaomba TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, mifuniko ya zege (barua nimeshaiandika), kuzungumza na wenzetu wa mtaa wa juu kuhusu mchanga, na viti tutavinunua hali ya mfuko ikiruhusu.

Mhazini atasoma mchanganuo. Orodha ya wanaodaiwa iko mezani kwa katibu, na anapokea hata kwa simu.

Mwenyekiti