Risala ya Wanagenzi Watu Wazima kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Kumaliza Mafunzo

Mheshimiwa mgeni rasmi, uongozi wa chuo, walimu wetu, mafundi mliotupokea makazini, wanagenzi wenzangu, na familia zetu mliotuvumilia, tunawasalimu wote na kwa kweli tumefurahi sana kuwaona, maana wengi wetu hatukutegemea kama kwa umri huu tutakaa tena kwenye viti vya wahitimu alafu watoto wetu ndo wawe wanatupiga picha.

Sisi ni wanagenzi wa umeme, ufundi bomba, kuchomelea vyuma na useremala, na wote tulianza tukiwa tumeshapita miaka 35. Yupo aliyekuwa dereva, yupo mwalimu, yupo aliyekuwa analinda geti usiku, na mimi ninayesoma risala hii nilikuwa karani wa mahesabu miaka 19 mpaka ikaletwa programu ya kompyuta ikawa inafanya kwa dakika chache kazi yangu ya wiki nzima. Nilikuwa na miaka 44. Sehemu ya kwanza nilikopeleka maombi ya uanagenzi waliangalia mwaka wa kuzaliwa tu wakanirudishia fomu, wakasema nafasi hizi ni za vijana, nikatembea na ile fomu kwenye bahasha siku kadhaa bila kumwambia mtu nyumbani.

Mheshimiwa mgeni rasmi, hilo wazo kwamba uanagenzi ni wa vijana ni la zamani sana. Uingereza mwaka 1563 walitunga sheria iliyotaka mtu akae chini ya fundi miaka isiyopungua 7, na ilimlenga kijana ambaye angemaliza akiwa na miaka 24 hivi. Ila siku hizi kazi inaweza kukufia mkononi ukiwa na 40 na bado una miaka 20 ya kufanya kazi mbele yako, sasa mtu huyo aende wapi? Mwaka 2023 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Pendekezo namba 208 kuhusu uanagenzi bora, na humo watu wazima na wenye uzoefu wanaotaka kubadilisha fani wametajwa kabisa kwamba nao wafunguliwe mlango. Tunalitaja hapa ili ukikaa na wenzako kwenye vikao ujue tunachoomba sio upendeleo.

Sasa tuseme ukweli wa kazi yenyewe. Watu wanadhani shida ya mtu mzima ni mwili, na ni kweli magoti yanauma ukichuchumaa siku nzima kwenye soketi, na miwani lazima ukisoma namba ndogo za kwenye breka ya umeme, ila kwangu kilichonichelewesha zaidi ni heshima. Fundi aliyepewa kunifundisha ana umri wa mwanangu wa kwanza, ananiita mzee, ananipokea kwa shikamoo kila asubuhi, na nikikosea haniambii, anasubiri nimeondoka anarekebisha mwenyewe kimya kimya. Miezi miwili nadhani naweza. Siku moja nikarudi kuchukua testa, kile kifaa cha kupimia umeme, niliyosahau nikamkuta amefungua soketi zangu zote 6, anakata ncha za waya na kuzifunga upya, na aliponiona akaona aibu yeye badala ya mimi. Nikamwambia mwanangu, hapa kazini mimi ni mwanafunzi wako, nikikosea niambie hapo hapo.

Akanikalisha akanionesha. Kisu changu kilikuwa kinapita ganda la plastiki kinafika mpaka kwenye kopa na kuacha alama nyembamba kama unywele, bila kugeuza waya kwenye mwanga huioni, ila waya ule ukiukunja unakatikia pale pale. Na skrubu nilizokuwa naona nimekaza zilikuwa bado zinazunguka, na waya ukikaa umelegea kwenye skrubu unapata joto kila mtu anapochomeka kitu, joto linakaa nyuma ya soketi ukutani ambako hakuna anayeona, plastiki inaanza kuungua taratibu. Niliganda. Kwenye mahesabu nikikosea nilikuwa nasahihisha kesho yake, hapa kuna familia inalala ndani ya kosa langu.

Kuanzia hapo ndo nikaanza kujifunza kweli. Nikajua kwamba kabla hujashika waya unaijaribu testa kwanza mahali unapojua kuna umeme, alafu unapima pale unapotaka kushika, alafu unairudisha tena kwenye umeme kuijaribu, maana inaweza kufa katikati ikakuambia waya hauna kitu kumbe unao. Hiyo hatua ya mwisho wenye haraka wanairuka, na hapa nasema bila kuficha, mtu mwenye watoto wanaomsubiri nyumbani hairuki.

Na kuna siku mwalimu alifundisha RCD, kifaa cha kukata umeme ukivuja, darasa zima wamekunja uso mimi nimeelewa mara moja. Kile kifaa kinalinganisha umeme unaotoka kwa laivu na unaorudi kwa nyutro, vikipishana inamaanisha kuna unaovujia pembeni, labda kwenye mwili wa mtu, na zile za kulinda watu kwa kawaida zikiona tofauti inafika miliampia 30 zinakata chap kwa haraka. Mheshimiwa, hiyo ni kufunga hesabu za jioni! Miaka 19 nimekuwa natafuta kilichotoka kisiporudi kimeenda wapi. Nilitoka darasani macho yana machozi kwa sababu nilikuwa nimeamini ile miaka yangu yote imepotea.

Maombi yetu ni machache. Kubwa kuliko yote ni posho, kwasababu kijana anayeishi kwa wazazi anaweza kuvumilia posho ya nauli ila sisi tunalipa kodi ya nyumba na ada, wenzetu wanne tulioanza nao waliacha njiani kwa hilo tu, na mmoja alikuwa na mkono mzuri wa kuchomelea kuliko sisi wote. Tunaomba pia mikataba ya maandishi na bima ya kuumia kazini toka siku ya kwanza, masomo ya nadharia yawekwe jioni pale inapowezekana, na mtu aliyekuja na ujuzi wake apimwe asianzishwe sifuri. Na ule mstari wa umri kwenye fomu, tunaomba ufutwe.

Familia zetu tunawashukuru, mnajua wenyewe mlichobeba.

Mheshimiwa mgeni rasmi, ukitoka hapa tunaomba upite karakana, kuna ubao wa mazoezi tumeufunga waya sisi wenyewe kuanzia breka mpaka taa ya mwisho. Kwenye RCD kuna kitufe kimeandikwa T, tunaomba ukibonyeze wewe mwenyewe, taa zote zitazimika. Yule fundi wangu atakuwa amesimama pembeni, soketi zangu ameshazikagua na safari hii hajafungua hata moja.

Tunaomba kuwasilisha.