Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka 2024: Ripita Isimame Yenyewe

Ndugu wanachama wa chama chetu cha redio ya ridhaa, wa Kisumu, Kakamega, Kericho na Nakuru,

Huu ndio mwaka wa kwanza ripita yetu, yaani kituo cha mlimani kinachopokea sauti za redio zetu na kuzirusha tena, kufanya kazi ikiwa imeunganishwa na intaneti tangu Januari hadi Desemba, na taarifa yangu karibu yote ni juu ya jambo hilo. Hesabu atazisoma mweka hazina. Orodha ya wanachama wapya anayo katibu.

Waliojiunga karibuni wameuliza mara nyingi kwa nini tuunganishe redio na intaneti, ilhali raha ya redio ya ridhaa ni kuzungumza bila kumtegemea mtu. Ni swali la haki, na jibu lake liko kwenye ardhi yetu. Mawimbi ya redio tunayotumia, yale yenye urefu wa mita mbili, hupita karibu pale tu macho yangepita. Kisumu iko kiasi cha mita 1,130 juu ya usawa wa bahari, kando ya Ghuba ya Winam. Mashariki yetu umesimama ukingo wa Nandi, nyuma yake kuna nyanda za Kericho na Londiani, kisha Mau, ndipo uteremke Nakuru. Mwenzetu wa Nakuru akiwa na redio ya wati 50 na antena nzuri juu ya paa, bado hatatufikia moja kwa moja. Ripita inapokea sauti kwenye masafa fulani na papo hapo inairusha kwenye masafa mengine, kilohezi 600 juu yake, kutoka mlingotini. Kwa hiyo redio ndogo ya mkononi pale Ahero inasikika hadi Maseno. Lakini milima haiihurumii ripita pia. Kinachovuka Mau ni kiunganishi, yaani kompyuta inayopitisha sauti ya ripita kwenye intaneti.

Tulichagua EchoLink, programu iliyotolewa mwaka 2002 na Mmarekani Jonathan Taylor, ambaye jina la kituo chake ni K1RFD. IRLP, mfumo mwingine wa kuunganisha redio kwa intaneti, ya David Cameron wa Vancouver ina umri mkubwa zaidi, ilianza 1997, na ubora wa sauti yake wengi wanausifu. Ila IRLP inataka kila anayeingia aingie kwa redio, na baadhi ya wenzetu wako masomoni mahali ambapo hakuna ripita. Kwa EchoLink wanaingia kwa simu. Nayo haimsajili mtu kabla hajathibitisha leseni yake, jambo ambalo kwangu ni la msingi: anayerushwa hewani na mlingoti wetu ni lazima awe na leseni, hata kama ameketi ng'ambo.

Kazi iliyoisumbua kamati ya ufundi ni laini ya data. Laini nyingi za simu hazimpi mteja anwani yake mwenyewe ya intaneti. Wateja wengi wanatumia anwani moja, na milango ya mtandao ambayo EchoLink inaihitaji, UDP 5198 na 5199, haifunguki kutoka nje. Vijana wetu walifunga seva ya proksi, kompyuta ya kati yenye anwani yake yenyewe, wakaipitishia mawasiliano yote, na tangu hapo wageni wanaingia bila shida. Nawashukuru kwa dhati. Walipanda kilimani usiku na mchana, na hakuna aliyedai hata nauli.

Sasa niseme juu ya namna tunavyozungumza. Ukibonyeza kitufe, ripita inatambua kwanza toni yake, ndipo inaamka. Kompyuta inakata sauti vipande vipande na kuituma, na kituo cha upande wa pili nacho kinafungua. Yote hayo yanachukua muda. Anayebonyeza na kusema hapo hapo, maneno yake ya kwanza yanapotea, na mara nyingi yanayopotea ni jina la kituo chake. Bonyeza, vuta pumzi, kisha useme. Mwenzako akimaliza, usimrukie. Ngoja mkia wa ripita, ule muda mfupi inapoendelea kurusha baada ya mtu kuachia kitufe, ukatike. Tukipokezana bila mwanya, mtu wa mbali anabaki kama mgeni anayepiga hodi kwenye nyumba yenye ngoma. Wanaotaka kujua sauti yao inavyofika, waite namba 9999 kwenye EchoLink, kituo cha majaribio kinachokurudishia maneno yako mwenyewe. Na tafadhali, asiwepo mtu wa kuunganisha ripita na mkutano mmoja, yaani chumba kimoja cha mazungumzo cha EchoLink, kwa njia mbili kwa wakati mmoja. Sauti huzunguka na kujirudia mpaka kiunganishi kizimwe.

Jambo lililonifundisha zaidi mwaka huu lilitokea masika. Mafuriko yaliwatoa watu makwao sehemu nyingi za nchi, na huku kwetu wanachama wa upande wa Nyando walikuwa wakiarifiana barabara ipi inapitika na nani anahitaji kufuatwa. Katikati ya hali hiyo, Mei 12, nyaya za chini ya bahari za EASSy na Seacom zikakatika upande wa Afrika Kusini. Intaneti ya nchi nzima ikawa ya kusuasua. Kiunganishi chetu kilikatika-katika siku kadhaa, lakini ripita haikutetereka, na taarifa za Nyando ziliendelea kupita kama kawaida. Kabla ya hapo tulikuwa tumelazimika kukizima wenyewe, kwa sababu sauti za salamu kutoka mbali ziliingia juu ya taarifa za watu waliozungukwa na maji.

Kwa hiyo naleta mapendekezo mawili, na nayaamini yote mawili.

La kwanza ni kanuni: dharura ikitangazwa, msimamizi wa zamu azime kiunganishi kwa tarakimu zinazobonyezwa kwenye redio yake bila kumngoja mtu, na kisiwashwe hadi atakapoamua yeye.

La pili ni fedha. Vijana wanaomba tuhamie DMR, mfumo wa redio ya kidijitali. Hoja yao ina uzito, maana nafasi ya kilohezi 12.5 inabeba mazungumzo mawili kwa pamoja. Lakini kwanza naomba tununue betri kubwa, paneli ya sola na kinga ya radi iliyounganishwa ardhini vizuri. Hakuna asiyejua radi za ukanda huu wa ziwa, na stima ikipotea ripita hudumu saa chache tu. Kitakachobaki kiende kwa wenzetu wa Nakuru, wanaotafuta kibali cha kuweka ripita yao upande wa Menengai, kwenye urefu wa mita 2,278. Hapo tutakuwa na ripita mbili, kila moja ikijitegemea intaneti inapozimika, na zikiungana inaporudi.

Kura itapigwa baada ya taarifa ya mweka hazina. Wenye leseni zinazokaribia kuisha wamwone katibu kabla ya kuondoka.

73 (salamu zetu za redio),
Mwenyekiti