Kiwanja cha Angela, Jamestown

Richmond, Virginia
12 Oktoba

Mpendwa Rehema,

Salamu nyingi kwako, kwa shemeji na kwa watoto. Sisi huku tu wazima, ila baridi imekwisha piga hodi.

Uliniomba nikueleze habari za Jamestown, mahali ambapo Waingereza 104, wanaume na wavulana, walijenga boma lao mwaka 1607 katika ardhi ya Wapaspahegh, wenyeji wa huko. Nilikwenda Jumamosi iliyopita nikitarajia magofu kama ya Kilwa, yenye kuta za kumtosha mtu kivuli, nikakuta karibu kila kitu kimelala chini ya majani. Kilichosalia kusimama tangu karne ya 17 ni mnara wa kanisa wa matofali. Boma lenyewe, la pembe tatu, lilikuwa la magogo, na kwa muda mrefu watu waliamini kwamba mto ulikwisha limeza, hadi mwanaakiolojia William Kelso alipoanza kuchimba mwaka 1994 akakuta udongo umebadilika rangi: madoa meusi ya mviringo yaliyofuatana kwa mstari, kila moja likiwa nafasi ya gogo lililooza.

Yapo pia mabaki ya binti wa miaka 14 aliyekufa katika njaa ya mwaka 1609 na 1610, na fuvu lake lina alama za kukatwakatwa, kwa maana wenzake walimla. Hapo sikukaa.

Nilikokaa ni kwenye kiwanja cha nyumba ya Kapteni William Pierce. Orodha ya wakazi ya mwaka 1625 inamtaja humo mwanamke Mwafrika, Angela, pamoja na meli iliyomleta, Treasurer, basi. Alikuwa miongoni mwa mateka waliopakiwa Luanda mwaka 1619 katika meli ya Wareno, wakaporwa baharini na meli mbili za Waingereza, mojawapo ikiwa hiyo Treasurer. Wanahistoria huwahusisha mateka hao na ufalme wa Ndongo, katika Angola ya leo, ambako watu walisema Kimbundu. Mwenzangu wa kazini, mzaliwa wa Malanje huko Angola, aliwahi kunihesabia kwa lugha hiyo, na alipofika "tatu, wana, tanu" nilicheka kwa mshangao. Basi nilisimama pale nikihesabu hivyo kwa sauti ya chini, mzee mmoja akageuka kunitazama, wala sikuona haya.

Nakuambatishia picha ya kiwanja hicho. Utaona majani tu.

Wako,
Mwanaidi